Siri ya Mikono Sitini

Mtu yeyote aliyepita nje ya dirisha la darasa la nne wakati wa kipindi cha hesabu alipunguza mwendo. Kilichompunguza mwendo ni mikono. Mwalimu akiuliza swali, liwe jepesi au la kuumiza kichwa, mikono yote sitini ilipanda juu kwa pamoja, kuanzia dawati la mbele hadi la nyuma. Hata yule mtoto aliyekuwa hasikii vizuri, aliyewekwa mbele ili asome midomo ya mwalimu, alinyosha. Hata mwenye kigugumizi, ambaye kwenye masomo mengine hakuthubutu kuinua kidole, alinyosha. Walimu wenzake waliulizana kwa mzaha huyu bwana anawalisha nini watoto hawa.

"Nawalisha nusu na robo," alijibu, akakunja miguu na kunywa chai yake.

Ukweli ni kwamba palikuwa na siri, na siri hiyo aliijua yeye na darasa lake tu. Siku ya kwanza ya mwaka alikuwa amefunga mlango, akasimama mbele ya watoto, akasema kwa sauti ya chini:

"Tutasoma sehemu mwaka huu. Sehemu zimewatoa jasho watu wazima, msione haya zikiwatoa ninyi. Nikiuliza swali, nyosheni mikono wote. Anayejua jibu anyoshe wa kulia. Asiyejua anyoshe wa kushoto. Mimi nitamchagua wa kulia. Wa kushoto simchagui ng'o, ila nitamfuata dawatini kwake baadaye, tukae tuelewane polepole. Hakuna wa kumcheka mwenzake, kwa sababu kila mmoja ana siku yake ya kunyosha wa kushoto. Na neno hili halitoki nje ya mlango huu. Tumeelewana?"

Walielewana. Watoto hupenda siri kuliko peremende, na hii waliitunza barabara.

Na isidhaniwe kwamba mwalimu huyu alikuwa mvivu anayejificha nyuma ya ujanja. Alikuwa na miaka ishirini na saba kazini na kazi aliijua. Alikata vipande vya karatasi ndefu, watoto wakavikunja mara mbili, mara nne, mara nane, wakaona kwa macho yao kwamba robo mbili hulala juu ya nusu bila kupungua wala kuzidi. Kwa mtoto asiyeona vizuri ubaoni alifunga kamba mafundo, ahesabu kwa vidole. Mwenye kigugumizi aliruhusiwa kujibu kwa kuinua kipande cha karatasi badala ya kusema. Na mazoezi aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, ngazi tatu: karatasi za kijani za wale ambao bado wanatambaa, za njano za wanaotembea, na za bluu za wanaokimbia.

Tatizo lilikuwa dogo tu, nalo ni kwamba alijijua kuwa hodari. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mkali asiyetoa sifa ovyo, alipoleta afisa wa elimu dirishani na kumwambia, "Tazama mwenyewe, darasa zima linajua," mwalimu aliinamisha kichwa kwa adabu, akanyamaza. Hakusema uongo. Alinyamaza tu. Sifa ile ilimwingia mwilini kama uji wa asubuhi, na baada ya pale alisahau kabisa kwamba haikuwa halali yake yote. Sasa mwisho wa mwaka ulikuwa umekaribia, na Alhamisi ya wiki iliyofuata walimu wa shule nne za jirani wangekuja kuketi nyuma ya darasa lake ili wajifunze.

Mwanzoni mwa muhula wa pili alikuwa amekuja mtoto wa kike kutoka shule nyingine. Baba yake alikuwa fundi wa vigae, hufuata majengo popote yanapojengwa, na binti hufuata baba. Watoto walimwita Mgeni siku ya kwanza kwa sababu hawakulijua jina lake, na baadaye wakaendelea kumwita Mgeni kwa sababu walishazoea. Alikaa dawati la nyuma pembeni mwa ukuta, pamoja na kiranja wa darasa.

Mgeni alinyosha mkono wa kushoto siku ya kwanza. Akanyosha wa kushoto siku ya pili. Wiki ikapita, mwezi ukapita, wa kushoto tu. Watoto wengine walibadilika, leo kushoto, kesho kulia, kadiri somo lilivyowaingia. Yeye hakubadilika. Tena aliunyosha juu sana, kiwiko kikimgusa sikio, mpaka mwalimu alijisemea moyoni kwamba huyu mtoto hajui na wala hakubali kusahauliwa, jambo ambalo alilipenda. Alimfuata dawatini kama alivyoahidi. Alimkunjia karatasi, akamwonyesha nusu, akamwonyesha robo.

"Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Kesho yake, mkono wa kushoto tena. Basi mwalimu akahitimisha kwamba yale "ndiyo" ni ya kumridhisha mkubwa. Akampa karatasi za kijani. Akampa tena. Miezi mitano Mgeni alipaka rangi nusu ya duara. Kwenye mitihani aliandika taratibu mno, namba zikilaliana na kupinda, na kengele ililia kila mara akiwa hajafika katikati ya maswali. Mwalimu alisahihisha yale machache, akayaona sahihi, akaandika pembeni, *Afadhali leo.* Hakujiuliza zaidi ya hapo.

Mwisho wa mwaka walimu walitakiwa kupeleka majina ya watoto wa kurudia darasa. Mwalimu aliandika majina matatu. La tatu lilikuwa la Mgeni, na mbele yake maneno haya: *Dhana ya sehemu haijamwingia kabisa.* Mzazi alipaswa kutia sahihi, na fomu zilipaswa kuwa mezani kwa Mwalimu Mkuu Jumatatu. Baba mtu aliitwa mara mbili, hakuja. Akatuma salamu kwamba ana zahanati ya kumaliza, mwenye kazi amemkalia kooni, tafadhali Mwalimu amwelewe.

Jumamosi asubuhi mwalimu alivaa shati lake la mikono mirefu, akakunja fomu mara mbili, akaenda mwenyewe. Njiani alijiona mtu mwema. Ni walimu wangapi wangetembea kwa mguu siku ya mapumziko kwa ajili ya mtoto mmoja mzito wa kuelewa?

Zahanati ilikuwa jengo jipya bado halijapakwa rangi. Ndani kulisikika mlio wa mashine ya kukatia vigae, kisha kimya, kisha nyundo ya mpira ikigonga taratibu. Fundi alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba kikubwa, vumbi jeupe hadi kwenye kope.

"Karibu, Mwalimu. Nisamehe, mkono siwezi kukupa, una gundi."

"Usijali, Fundi. Kazi kwanza."

Mwalimu alimweleza kwa upole. Alikuwa na maneno yake ya kuwaambia wazazi habari mbaya, maneno laini aliyoyatumia miaka mingi: kila mtoto ana mwendo wake, kurudia si adhabu, mwaka hauozi. Fundi alisikiliza akiangalia sakafu.

"Sehemu ndizo zimemshinda?" aliuliza.

"Sehemu hasa."

"Nusu, robo, mambo hayo?"

"Hayo hayo."

Fundi alijikuna shingo. "Ajabu. Lakini wewe ndiye mwalimu, mimi nimeishia la saba. Mwezi uliopita ulipoandika kwenye ripoti kwamba haelewi, nilimgombeza sana. Nilimwambia kichwa chako kimejaa saruji. Alilia, hakula. Mama yake hayupo, niko naye peke yangu, nikasema labda namdekeza." Akafuta mikono kwenye suruali, akapokea kalamu, akatia sahihi fomu juu ya boksi la vigae. "Haya. Kama ni kwa faida yake."

Mwalimu aliikunja fomu na kuitia mfuko wa shati. Alikuwa anataka kuaga, ndipo sauti ikatoka chumba cha pili.

"Baba, usiunge robo mbili pale kwenye nguzo, kiungo kitaonekana. Nguzo ni mbili na kila moja inataka nusu. Kata kigae kizima kimoja, umemaliza nguzo zote."

"Na robo zilizokatwa huko?" fundi alijibu bila kugeuka, kama mtu aliyezoea mazungumzo hayo.

"Mistari ni minane, kila mstari umebakisha robo. Hizo ni vigae viwili vizima, Baba, usivitupe. Kizingiti kinataka robo saba. Ile moja inayobaki ikate katikati, upate thumuni mbili za kuzungushia bomba."

Mgeni alitokea mlangoni akiwa amebana futi ya chuma kwapani na penseli mkononi. Alipomwona mwalimu alisimama kama aliyekutwa akiiba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Mwalimu aliitazama ile penseli. Ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Akakumbuka kile kiwiko kinachogusa sikio. Lakini mtu haamini haraka jambo linalomuumbua, basi akauliza, akijaribu kuchangamka, "Hebu niambie. Robo tatu toa thumuni moja, inabaki ngapi?"

"Thumuni tano," alisema mtoto. Hakuwaza hata kidogo.

"Mbona darasani husemi?"

Mgeni alimwangalia baba yake, kisha sakafu. "Nanyosha mkono kila siku, Mwalimu. Hujanichagua hata siku moja."

"Unanyosha mkono gani?"

Swali hilo mtoto hakulielewa. Akafikiri anaambiwa anyoshe. Akahamisha futi, akainua mkono wa kushoto juu, kiwiko kikagusa sikio.

"Huyo ni wa shoto kama mimi," fundi alisema akicheka kidogo. "Nyumba yetu yote. Shule aliyoanzia walimfunga mkono kwa kitambaa mpaka akazoea kuandika kwa wa kulia. Ndiyo maana mwandiko wake unatambaa. Lakini kalamu ya shule ikishawekwa chini, kila kitu ni kushoto. Kula, kufagia, kupiga mistari ya vigae, hata kugonga mlango."

Mwalimu alisema, "Aa." Kisha akasema kwamba amekumbuka ana mtu anamsubiri. Akaaga, akatoka. Alikuwa amefika mtaa wa tatu ndipo akakumbuka kwamba fomu ipo mfukoni, imetiwa sahihi, na kwamba alikuwa amesimama mbele ya watu wale wawili kwa dakika kumi akiwa na nafasi ya kusema, na hakusema.

Jumapili nzima alijadiliana na nafsi yake kama wakili na mteja mwenye kesi mbovu. Alikumbuka vizuri: alipoeleza siri ile mwanzoni mwa mwaka, Mgeni alikuwa hajaja. Alipokuja, hakuna aliyemwambia. Miezi mitano mtoto alikuwa akipiga hodi kila siku, na yeye akijibu kila siku kwamba hakuna mtu.

Akatafuta njia ya kutokea. Kuichana fomu tu? Majina yalikwisha kuandikwa kwenye orodha ya Mwalimu Mkuu. Kusema kwamba mtoto ameendelea ghafla? Nani anayeendelea ghafla kwa siku mbili? Na akisema kweli yote, basi siri itatoka, na siri ikitoka, kila aliyesimama dirishani atajua kwamba alikuwa akitazama mikono ya watoto wasiojua. Afisa wa elimu atajua. Walimu wa shule nne watajua. Alifikiri juu ya hilo kuliko alivyofikiri juu ya mtoto, na alijua kwamba analifikiri zaidi, na kulijua huko hakukumzuia.

Kufikia Jumatatu alikuwa na hadithi. Haikuwa uongo mtupu. Ilikuwa, tuseme, robo tatu ya ukweli.

"Unalifuta jina?" Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Wiki iliyopita uliniambia mtoto huyu haonyeshi dalili ya kuelewa."

"Pametokea kosa dogo. Kuna utaratibu wa kunyosha mikono darasani kwangu. Mtoto alipohamia hakuelezwa, nami nikadhani hajui kitu."

"Utaratibu gani huo ambao mtu asipoelezwa anaonekana mjinga?"

"Mambo madogo ya darasani tu. Wageni hupaswa kuelezwa na kiranja."

Neno lilishamtoka. Alilisikia likienda.

"Basi tumwite kiranja," alisema Mwalimu Mkuu.

Kiranja alikuja mbio, soksi moja imeshuka, beji yake ya bati inang'aa kifuani. Alikuwa na miaka kumi. Kuna watoto wanaopewa uongozi wakauvaa kama nguo ya kuazima. Yeye aliuvaa kama ngozi. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Mwalimu wako anasema ulitakiwa kumweleza Mgeni utaratibu wa mikono. Ulimweleza?"

Kiranja alifungua mdomo. Akamgeukia mwalimu. Ndani ya macho yale mwalimu aliona mambo mawili yakigombana: kwamba hakuwahi kuagizwa kitu kama hicho, na kwamba siri haitoki nje ya mlango.

"Nilisahau," alisema kiranja.

"Ulisahau miezi mitano, na mnakaa dawati moja?"

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Mwenzako alikuwa anakwenda kurudishwa darasa kwa sababu ya kusahau kwako. Unajua hilo?"

Mtoto alitikisa kichwa kwamba hajui. Midomo ilianza kumcheza.

"Vua beji."

Pini ilikuwa ngumu. Aliivuta, ikamchoma kidole, akainyonya damu, akaivuta tena. Mwalimu alisimama pale mikono nyuma, mtu mzima mwenye mvi, akitazama mtoto wa miaka kumi anavyohangaika na pini kwa niaba yake. Alijiambia sema. Hakusema. Alijiambia tena. Beji iliwekwa juu ya kioo cha meza, ikatoa mlio mdogo, na kiranja akaigeuza ili maandishi yatazame juu, kama mtu anayekabidhi kitu cha watu kikiwa safi.

"Mrudishie," alisema mwalimu.

"Nini?"

"Mrudishie beji yake. Hakusahau. Sikumwagiza. Nimemsingizia."

Akaeleza yote, mtoto akiwa palepale, kwa sababu aliona hana haki ya kumtoa nje ili ajistiri. Alieleza mkono wa kulia na mkono wa kushoto, na mlango uliofungwa siku ya kwanza. Alieleza ya fundi na vigae. Alipofika kwenye fomu aliyoondoka nayo mfukoni, hakuiruka.

Mwalimu Mkuu alivaa tena miwani. "Kwa hiyo ile mikono niliyomwonyesha afisa," alisema.

"Nusu yake ilikuwa ya kushoto."

"Nusu?"

"Siku nyingine theluthi mbili."

"Na wewe ukainamisha kichwa ukapokea hongera."

"Nilipokea."

"Alhamisi watu wanakuja kuona mikono hiyo. Utawaonyesha nini?"

"Sijui, Mwalimu Mkuu."

"Basi nyosha wa kushoto," alisema yule mama, na hakuwa anatania.

Mwalimu hakujua afanye nini na mikono yake. Aliitoa nyuma, akaishusha, ikaning'inia.

"Ule ujanja wenyewe si mbaya," Mwalimu Mkuu aliendelea, sauti ikiwa imeshuka kidogo. "Mtoto asiyejua asiaibike, nani atakataa? Lakini ulijali zaidi unavyoonekana kutoka dirishani. Alhamisi utawaeleza wageni yote, na hili la Mgeni utaanza nalo. Leo nenda kwa mzazi. Usimtume mtu."

Nje, kwenye ukumbi, kiranja alikuwa akijaribu kuibandika beji. Mwalimu aliinama kumsaidia, mtoto akarudi nyuma hatua moja, si kwa hasira, kwa mazoea ya kutoshikwa na mwalimu. Akaibandika mwenyewe, imepinda.

"Kwa nini ulisema umesahau?"

"Ulituambia isitoke nje ya mlango."

Mwalimu aliitazama ile beji iliyopinda.

"Mwalimu, mimi nilidhani anajua utaratibu," kiranja alisema. "Nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa namnong'oneza majibu, yeye ananiambia najua, nami nasema moyoni anaona aibu tu. Halafu nilikuwa naenda nyumbani nasema kuna msichana darasani kwetu hajui kitu." Akavuta soksi. "Naye atajua kwamba nilisema hivyo?"

"Sitamwambia."

"Mimi nitamwambia," alisema kiranja, akaenda zake darasani.

Jioni, masomo yalipokwisha, mwalimu alirudi zahanati. Hakuvaa shati la mikono mirefu. Fundi alikuwa ameanza chumba cha pili, kamba imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, misalaba midogo ya plastiki ya kutenganisha vigae imetawanyika mbele ya magoti yake. Mwalimu alisema kila kitu akiwa amesimama mlangoni, bila yale maneno laini. Aliitoa fomu, akaichana mara mbili, kisha akabaki na vipande mkononi kwa sababu hakukuwa na pa kuvitupa.

Fundi hakupandisha sauti. Aligonga kigae kimoja kwa nyundo ya mpira, akaweka pima maji juu yake kuona kama kimelala sawa, akatazama kipovu, akagonga tena.

"Kwa hiyo mwanangu nimemwita kichwa cha saruji kwa sababu ya mkono."

"Kwa sababu yangu."

"Mkono huo huo nilionao mimi."

"Ndiyo, Fundi."

"Na Jumamosi ulikuwa umeshajua. Ulisimama hapo hapo uliposimama sasa, ukasema kuna mtu anakusubiri."

"Hakukuwa na mtu."

Fundi alipaka gundi nyuma ya kigae kingine, akaisawazisha kwa mwiko wenye meno, polepole, mistari ikanyooka. "Mimi nikikosea kigae," alisema, "nakibandua. Kinavunjika, lakini nakibandua. Sasa yale niliyomwambia mtoto nitayabanduaje?" Hakusubiri jibu. "Umekuja kuniambia mimi. Yeye umeshamwambia?"

"Bado. Leo nilimkwepa darasani."

"Basi umekosea mtu. Yuko chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho kilikuwa kidogo, cha kuhifadhia dawa. Mgeni alikuwa amechuchumaa, sare ya shule bado mwilini, akipiga mistari ya penseli juu ya vigae vya kukatwa. Alisimama mwalimu alipoingia. Mwalimu akamwambia akae, akakataa, kwa hiyo waliongea wote wamesimama.

Alimweleza. Alikuwa amepanga maneno ya mtoto, lakini yalimtoka ya kawaida: kwamba palikuwa na utaratibu, kwamba yeye mwalimu hakumwambia, kwamba kila alipoinua mkono wake alikuwa akijua jibu, na mwalimu akawa anaandika hajui. Kwamba zile karatasi za kijani hazikuwa zake. Kwamba hatarudia darasa. Kwamba anaomba msamaha.

Mgeni alisikiliza akizungusha penseli.

"Kwa hiyo wale wengine," alisema, "wakinyosha wa kushoto, walikuwa hawajui?"

"Hawakujua."

"Na wao ulikuwa huwachagui pia."

"Sikuwachagua. Lakini wao walijua kwa nini."

Mgeni aliwaza. "Mimi nilifikiri hupendi kunitazama," alisema. "Nilifikiri ni kwa sababu nimekuja katikati. Nikawa nainua juu zaidi."

Mwalimu aliitazama mistari ya penseli juu ya vigae. Yote ilikuwa imenyooka.

"Kesho nitanyosha wa kulia," Mgeni alisema.

"Hapana. Wewe nyosha mkono wako. Mimi nitabadilisha utaratibu. Anayejua atafungua kiganja, asiyejua atakunja ngumi, kwa mkono wowote. Nitawaambia wote kesho, nawe ukiwepo, na kila atakayehamia nitamwambia mwenyewe siku hiyo hiyo."

"Sawa, Mwalimu."

Alilisema kwa heshima, macho chini, kama alivyosema "ndiyo, Mwalimu" miezi yote mitano kila alipokunjiwa karatasi na kuonyeshwa nusu. Mwalimu alikuwa ameambiwa "sawa, Mwalimu" maelfu ya mara maishani mwake na siku zote alilichukua kama risiti. Sasa alisimama akilitafakari, akitaka kujua ndani yake mna nini, na hakuona njia ya kuuliza ambayo isingemlazimisha mtoto alirudie.

"Mwalimu," Mgeni alisema.

"Naam, mwanangu."

"Hapo uliposimama hapajakauka."

Alitazama chini. Alikuwa amekanyaga kona ya kigae kilichowekwa mchana ule, na kona ilikuwa imezama, gundi ya kijivu imechomoza ubavuni na kupanda kwenye soli ya kiatu. Akarudi nyuma haraka, akakanyaga cha pili. Mtoto alisubiri mpaka mwalimu amefika mlangoni, kwenye saruji ngumu, kisha akapiga magoti, akaingiza ncha ya mwiko chini ya kigae cha kwanza, akakiinua kwa mkono wa kushoto na kuanza kukwangua gundi yote, ili akiweke upya.

"Nikusaidie?" mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, Mwalimu. Ukikanyaga tena vitakauka vibaya," alisema, na akaendelea na kazi.